Aliyependa Hunyamaza? Tangu Lini?

Mwandishi mmoja anadai wimbo wa kumlilia rafiki ni biashara ya msiba. Eti aliyependa kweli hunyamaza. Biashara? Hajawahi kulipia studio huyu.

Na huko kunyamaza kakutoa wapi? Mbolezi huimbwa, hazinong'onwi. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe alitunga "Amina", hakufunga mdomo. Faza Nelly wa kundi la hip hop la X Plastaz aliuawa hapa Arusha mwaka 2006. Wenzake wa albamu ya Maasai Hip Hop wangemuenzi kwa kukaa kimya, watu walioishi kwa sauti?

Rafiki yangu tulimzika Tengeru, migombani, kwa wimbo tuliomtungia usiku wa matanga. Gitaa lake lilikuwa na nyuzi tano. Wa sita aliukata mwenyewe, hatukuubadilisha. Mama yake aliitikia kila kiitikio.