KUPONA KORONA SI MWISHO: MOYO WETU NANI ANAUPIMA?

Wandugu vijana wa Beni, Butembo, Bunia na kwingineko,

Tangu Korona itangazwe Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, serikali ilitufungia na kutulipisha amande. Kisha ikahesabu waliopona na kufunga daftari. Sisi tunasema: hiyo daftari ingali wazi.

Kuna wenzetu ambao homa iliisha lakini moyo haukurudi kama zamani. Kubeba bidoni ya maji tu, kifua kinabana. Kulala, moyo unapiga mbio kama motari anayefukuzwa. Wakienda santre ya afya wanapimwa tansio, wanaambiwa ni mawazo. Nyumbani wanaambiwa wamerogwa.

Haiko mawazo, na haiko uchawi. Virusi ya Korona haiishie mu mapafu: inaweza kuvimbisha musuli wa moyo na kugandisha damu mu mishipa. Mwaka 2022, watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanajeshi wa zamani zaidi ya 150.000 walioipata. Mwaka mzima baadaye, hatari ya magonjwa ya moyo ilikuwa juu, hata kwa wale ambao hawakulazwa. Wao wako na daftari. Kwetu, wengi waliugua bila hata kupimwa.

Wasituambie haiwezekani. Ebola iliyotangazwa hapa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 iliacha zaidi ya watu 1.100 wazima, tuliowaita « vainqueurs ». Iliundwa programu ya kuwafuatilia: macho, viungo, damu. Kumbe kumfuatilia mtu aliyepona wanajua! Lakini dunia iliogopa Ebola ivuke mipaka. Moyo wako mugonjwa hauambukize mtu, njo maana wanauacha ukufie kimya.

Feza? Mwaka 2001, kule Abuja, marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Na Machi 2020, waziri wa zamani wa afya alihukumiwa kifungo cha miaka 5 kwa kula feza za Ebola. Basi wasituimbie umaskini.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinatuhakikishia haki ya afya. Kwa hiyo tunadai:

1. Kila lopitali kubwa ya zoni ya afya iwe na mashine ya kupima mapigo ya moyo, na munganga anayejua kuisoma.
2. Bei ya kipimo ibandikwe ukutani, na asiye na kitu apimwe bure.
3. Kila mgonjwa wa kifua aulizwe: uliwahi kupata Korona? Na jibu liandikwe.

Na wewe kijana: kama kifua kinauma, kama unazimia, usijikaze na mupira. Enda upimwe. Wakikurudisha bila kukupima, andika siku na saa, utuletee. Tutaenda kugonga ule mlango pamoja.

Hatutanyamaza mupaka wafungue daftari.