ZAMANI IPI HIYO MNAYOILILIA?



Barazani, penye kahawa na bao, hakosi mtu wa kusema: "Ah, zamani za Mwingereza! Barabara safi, sukari tele, adabu ipo." Vijana husikiliza wakasadiki. Sisi twauliza: zamani ipi hiyo, na ilikuwa ya nani?

Tufanye hesabu. Aliyekuwa na miaka 20 siku Tanganyika ilipopata Uhuru, Desemba 9, 1961, leo amepita miaka 80. Basi wengi wanaoisifu zamani hiyo walikuwa watoto, au hawakuzaliwa. Mtoto hakudaiwa kodi ya kichwa. Mtoto hakukimbilia porini matarishi wa kodi walipoingia kijijini. Aliyeyabeba hayo ni baba yake, naye baba yuko kaburini, hasemi. Mtoto akumbuka uji wa mama na michezo ya jioni, kisha shukrani za uji ule ampa Bwana Shauri!

Na mzee wa kweli je? Huyo aulilia ujana wake. Zamani alikuwa na meno, magoti hayakumuuma, na rafiki zake walikuwa hai. Ujana huo hakupewa na Gavana, wala Uhuru haukumnyang'anya. Mzee wetu twamhurumia; lakini hatukubali majonzi yake yageuzwe cheti cha kumsifu mkoloni.

Adabu gani iliyokuwapo? Waulizeni Wameru. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet ilimbidi asafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kuidai ardhi ya baba zake. Na shule? Ya Mzungu mbali, ya Mhindi mbali, ya Mwafrika mbali. Hiyo ndiyo raha mnayotuimbia?

Lakini tusijidanganye, hasa sisi tuliopewa madaraka. Mwananchi anayeisifu jana mara nyingi anailalamikia leo. Akisema zamani kulikuwa na adabu, huenda karani amemwambia "njoo kesho" mara ya nne. Akisema zamani kulikuwa na dawa, huenda ametoka zahanati mikono mitupu. Kiongozi anayemjibu kwa kumwita kibaraka amekosa, tena amemsaidia mkoloni kazi. Mgonjwa hajibiwi kwa hotuba. Ajibiwe kwa dawa.

Wazee wetu, tusimulieni zamani yote, asali yake na shubiri yake, msituachie sukari peke yake. Nanyi vijana, mkiusikia wimbo ule barazani, ulizeni kwa heshima: "Babu, kodi ililipwa na nani? Na aliyeshindwa kuilipa alifanywa nini?" Kisha kaeni msikilize. Wimbo utabadilika wenyewe.

Uhuru na Kazi!