Ubongo, mazoea na mtoto wa nyumbani

Mzazi mmoja alitufuata baada ya swala, simu mkononi. Mwanawe wa kiume amemwambia kwamba nafsini mwake anajiona mwanamke, na kwamba wanasayansi wamekwisha kuiona hali hiyo ndani ya ubongo. Akatuuliza, je, ni kweli?

Mwaka 1995 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walitangaza vipimo vya ubongo wa marehemu 6 waliozaliwa wanaume wakaishi kama wanawake. Sehemu moja, ndogo mno, ilikuwa na ukubwa wa kadiri ya ule wa wanawake. Habari hiyo ilienea ulimwenguni. Iliyofuata haikuenea: mwaka 2002 watafiti wa huko huko walionyesha kwamba sehemu hiyo huanza kutofautiana baina ya wanaume na wanawake katika utu uzima, ilhali wengi wa watu hawa husema walijihisi hivyo tangu utotoni. Basi kipi kilitangulia? Tena homoni wanazotumia baadhi yao nazo huubadili ubongo.

Mazoea pia huubadili. Madereva wa teksi wa London hukariri maelfu ya barabara kabla ya kupewa leseni. Walipopimwa, sehemu ya ubongo inayohifadhi ramani za njia ilionekana imekua. Kwa hoja ya namna hiyo, mwaka 2018 watafiti wawili wa Tehran walisema huenda tofauti zinazoonekana ni zao la mwenendo na utamaduni. Hoja ina uzito, ila haijathibitishwa. Tafiti chache za mapacha zinaashiria kuwa maumbile nayo yamo.

Tunaloliogopa ni mzazi kusikia neno "mazoea" akakimbilia fimbo, au akamgeukia mama wa mtoto kwa lawama. (Hatujasikia dereva aliyejifunza njia za London kwa kuchapwa.) Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alimtenga mwanamume aliyeumbwa na mwenendo wa kike, asiye na lawama kwa hilo, na yule anayeuiga kwa makusudi. Hakuwa akizungumzia dai la kijana huyu. Lakini hakuona tabu kuuliza kwanza kabla ya kulaumu.

Nasi tukamuuliza mzazi yule kijana yuko wapi. Akainamisha kichwa: yuko kwa shangazi yake, kafukuzwa tangu Jumatatu. Tukamwomba akamchukue usiku ule ule, na makala ile ya simuni waisome pamoja.