Nasaha kwa Waendao Kusailiwa

Ndugu wanachama, kila matangazo ya kazi yatolewapo, vijana wetu hutujia jioni, karatasi mkononi, wakiomba tuwafundishe majibu. Hatuwalaumu. Msailiwa huitwa kwa gharama yake mwenyewe, nauli, malazi na chakula. Huamriwa aje na vyeti halisi. Tena akiupita mtihani wa kuandika ndipo aketishwapo mbele ya jopo. Mtu aliyekopa nauli hapendi kushindwa kwa neno moja. Basi twaona yafaa kuandika machache, maana miongoni mwetu wamo waliokwisha kaa pande zote mbili za meza ile.

Swali la kwanza ni hili: "Tueleze habari zako." Wengi huanza na kijiji alichozaliwa babu. Jopo halikuja kuposa, halina haja ya nasaba. Taja jina, elimu na kazi uliyopata kuifanya, kisha nyamaza. Kunyamaza nako ni elimu, ijapokuwa hakuna chuo kitoacho cheti chake.

La pili: "Kwa nini waitaka kazi hii?" Kila mmoja hujibu kuwa ataka kulitumikia taifa. Ni jibu jema, lakini msailiwa wa arobaini akilitamka, wazee wa jopo huanza kuitazama birika ya chai. Sote twajua kuwa mshahara umo katika sababu, wala si haya kukiri, mradi uonyeshe kuwa waijua kazi yenyewe. Asiyejua karani wa masjala afanya nini toka asubuhi hata jioni, atalitumikiaje taifa masjalani?

Ukiulizwa wataka mshahara gani, kumbuka kuwa serikalini ngazi zimekwisha pangwa. Apiganiaye bei hapo ni mfano wa mtu aombaye apunguziwe stempu posta. Na ukiulizwa utakuwa wapi baada ya miaka mitano, usimwambie mwenyekiti kuwa utakuwa katika kiti chake, hasa ukimwona angali mbali na miaka 60 ya kustaafu kwa lazima.

Sasa twaja kwenye swali lililoangusha wengi: "Udhaifu wako ni upi?" Mmoja wetu zamani alijibu kuwa udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi. Jopo likafurahi, likaandika. Alipopata kazi, akamkuta mkuu wake ndiye aliyeandika maneno yale. Na tangu hapo kila Ijumaa alasiri alikuwa akiletewa majalada ya wenziwe. Hakuweza kulalamika, kwani ushahidi ulitoka kinywani mwake. Binti mmoja naye alijibu hivi: "Si mwepesi wa hesabu, kwa hiyo kila jumla naihesabu mara mbili." Wengine walitabasamu. Akapewa daftari la fedha, na miaka yote aliyolishika sanduku halikupungua hata senti.

Hapo kicheko chatuishia. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na amri ikatoka waondolewe kazini. Hatusemi kuwa jibu lililopambwa ni sawa na cheti cha kughushi; twasema ni ndugu wa ukoo mmoja, maana vyote viwili humleta mezani mtu asiyekuwapo. Kijana ajifunzaye mlangoni kwamba uongo ndio ufunguo wa ofisi, atajibu nini siku atakapodaiwa hesabu ya masurufu ya safari?

Lakini lawama si ya vijana peke yao. Aulizaye swali ambalo jibu lake lakaririwa mitaani, huyo ndiye mwalimu wa uongo. Twawasihi wenzetu waketio katika majopo: mpeni msailiwa jalada lililovurugika, mwulize ataanzia wapi kulipanga. Mpeni barua ya raia mwenye hasira, mwone ataijibu kwa adabu gani. Hayo hayakaririki.

Nanyi vijana, mwisho mtaulizwa kama mna swali. Msijibu "hapana" kwa haraka ya kukimbilia basi. Ulizeni ni jambo gani humshinda mtu mgeni katika kazi ile. Mkipata kazi, litawafaa. Mkikosa, mtakuwa mmerudi na kitu kwa nauli mliyoikopa.