Mambo ya Nyumbani: Sahani ya Kichina ya Urithi na Umri Wake

Katika nyumba nyingi zenye asili ya pwani, iwe Lamu, Mombasa, Unguja au miji ya bara walikohamia watu wa huko, imo sahani au bakuli ya kauri iliyoachwa na bibi. Hapo kale vyombo hivyo vilipangwa katika vidaka vya ukutani, vikawa fahari ya nyumba. Mwenye nyumba afarikipo, swali huzuka: je, chombo hiki ni cha Kichina kweli, nacho ni cha zama zipi? Jibu likikosekana, ama chombo cha thamani huuzwa kwa bei ya sufuria kwa mchuuzi apitaye mlangoni, ama ndugu hugombania sahani iliyotoka kiwandani Ulaya.

Yafaa kuanza na udongo wenyewe. Kauri hufanywa kwa udongo mweupe uitwao kaolini, uliochanganywa na jiwe lililosagwa na kuchomwa kwa moto wa nyuzi 1,300 hivi za Sentigredi. Kwa hiyo hainywi maji, na isiyo na ufa hulia kama kengele igongwapo kwa ukucha. Sahani nyembamba ikiinuliwa mbele ya taa, kivuli cha vidole huonekana upande wa pili. Lakini vyombo vizito vya kijani vya Longquan, ambavyo vipande vyake vimefukuliwa Gedi na Kilwa, havipitishi mwanga, na udongo wake ni wa kijivu. Navyo ni vya Kichina halisi.

Baada ya hapo chombo kipinduliwe, kwa maana kitako husema mengi kuliko uso. Ukingo wa kitako kwa kawaida haukupakwa rangi wala mng'ao, na hapo udongo huonekana ulivyo. Vyombo vingi vya Zhangzhou vya karne ya 16 na 17 vimegandwa na mchanga wa tanuri mahali hapo. Mikwaruzo ya matumizi ya miaka mingi huelekea kila upande. Ile iliyotiwa makusudi kwa msasa huelekea upande mmoja.

Muhuri uangaliwe mwisho, kwa kuwa ndio udanganyao zaidi. Herufi sita za Kichina, zisomwazo kutoka juu kwenda chini na kuanzia kulia, hutaja dola na enzi ya mfalme, kama vile Kangxi, aliyetawala tangu 1662 hadi 1722. Walakini mafundi wa karne ya 19 waliandika jina la Kangxi juu ya kazi zao wenyewe, na mafundi wa zama za Kangxi nao waliandika jina la Chenghua, aliyefariki mwaka 1487. Walifanya hivyo mara nyingi kwa kuwaheshimu waliotangulia.

Kanuni iliyo salama ni hii: chombo hakiwezi kuwa cha kale kuliko alama iliyo mpya kabisa juu yake. Rangi nzito ya waridi iliingia katika kazi za Kichina kwenye miaka ya 1720. Basi sahani yenye maua ya rangi hiyo si ya zama za Ming, hata muhuri useme nini. Neno "China" kwa herufi za Kizungu lilienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891, na maneno "Made in China" ni ya karne ya 20.

Tena, si kila chombo cha kale ni cha Kichina. Katika karne ya 19 kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi, kilileta bakuli nyingi pwani, na Waingereza walichapa picha za Kichina juu ya sahani zao. Picha iliyochapwa huonyesha viungo vya karatasi na haina nyayo za brashi.

Familia za askari zinalo jambo la ziada la kuzingatia. Kule Mambrui na Kunduchi bakuli za Kichina zilijengewa katika nguzo za makaburi, na nyingi zimeng'olewa. Bakuli iuzwayo ikiwa na chokaa kavu mgongoni isinunuliwe, bali habari ipelekwe kituo cha polisi au jumba la makumbusho. Nchini Kenya, chombo kilichoingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 hakitolewi nje pasipo kibali.

Kwa utunzaji, maji ya uvuguvugu na sabuni laini yatosha. Mchanga na majivu huondoa dhahabu na rangi. Ndimu na ukwaju visiwekwe humo, kwani rangi za kale mara nyingi zina risasi, ambayo ni sumu. Wakati wa uhamisho, kila sahani ifungwe peke yake kwa kitambaa na kusimamishwa kwa ukingo. Na kabla wazee hawajaondoka, jina la aliyekileta chombo, mji na mwaka viandikwe katika daftari la nyumba pamoja na picha ya kitako. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.