Kushusha Kombi: Kibadilishwe Kiungo Kipi?

Wapenzi wa Volkswagen Kombi za kale hupenda kuzishusha upande wa mbele. Kisayansi, jambo hili lina faida: kitovu cha graviti kikiwa chini, gari halilali sana likatapo kona. Lakini faida hiyo yategemea kiungo kilichobadilishwa.

Springi za mbele za Kombi ni mafungu ya vibapa vya chuma yaliyolazwa ndani ya mabomba mawili ya ekseli. Katikati yamekazwa yasizunguke. Ncha zake zimeshika mikono ya magurudumu. Gurudumu likipanda, chuma husokoteka. Baadhi ya mafundi hukata mabomba hayo na kuchomelea kirekebishi kinachozungusha sehemu ile ya katikati. Gari hushuka, lakini mikono husogelea vizuizi vyake vya mpira, na nafasi ya gurudumu kupanda hupungua. Wengine hupunguza vibapa vyenyewe. Hao huidhoofisha springi inayobeba abiria.

Kwa maoni yangu, yafaa kubadili kishikio cha gurudumu, kiwekwe kile ambacho kipini chake kimepandishwa juu. Bodi hushuka, hali mikono na springi zabaki katika pembe zake za asili. Mwaka wa gari uzingatiwe: Kombi zilizoundwa Ujerumani hadi katikati ya 1967 zina kingpini, zilizofuata zina bolijointi, na vishikio vyake havibadilishani. Kisha alaimenti ipimwe upya kabla gari halijapakia mtu. Sura ya gari isinunuliwe kwa usalama wa abiria.