Kisanskrit kina taarifa ya habari redioni, Kiha hakina. Kwa nini?

Swali limetufikia kwa ujumbe wa sauti kutoka Mwamgongo, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Msikilizaji wetu alikuwa amesikia kwamba redio ya taifa ya India husoma taarifa ya habari kwa Kisanskrit, lugha ambayo karibu hakuna anayeizungumza nyumbani. Akauliza: sisi Waha tupo wengi hivi, mbona hatuna hata dakika 5? Tulimwahidi jibu la maandishi, maana muda wa kipindi usingetosha.

Tuanze na Kisanskrit chenyewe. Ni lugha ya kale ya India, na maandiko ya dini ya Kihindu yako katika lugha hiyo. Ukitaka picha ya karibu, fikiria Kiarabu cha madrasa pale Ujiji: mtoto anakisoma, anakikariri, anasali kwa hicho, lakini akirudi nyumbani anaomba chakula kwa Kiswahili au Kiha. Mhindu naye anaweza kufungishwa ndoa kwa maneno ya Kisanskrit, kisha akapokea pongezi kwa Kigujarati.

Na kisionekane kigeni kabisa. Mchuuzi wa dagaa anapoandika kwenye simu kwamba mzigo umetoka kwa laki tatu, ameandika neno lenye asili ya Kisanskrit. Laki imetujia kupitia Wahindi wafanyabiashara, nao waliitoa kwenye "laksha", yaani 100,000. Sukari ilianzia kwenye "sharkara", ikapita kwa Waajemi na Waarabu kabla ya kufika kwetu. Pilipili inatokana na "pippali". Lakini simba, ambaye watu hupenda kumtaja kwa sababu Kisanskrit kina "simha", ni wetu wa Kibantu. Hapo maneno yamefanana tu.

Sasa hesabu. Katika sensa ya India ya 2011, watu waliosema Kisanskrit ndiyo lugha yao ya kwanza walikuwa 24,821, katika nchi iliyokuwa na watu zaidi ya bilioni 1.2. Hata hivyo, kimo katika orodha ya lugha 22 zinazotajwa na Katiba, kinafundishwa shuleni na vyuoni, maneno yake yako kwenye nembo ya taifa, na tangu 1974 kina taarifa yake redioni.

Kilifikaje hapo? Kwanza, watu walikitunza kwa mdomo muda mrefu kabla ya kukiandika. Wanafunzi walikariri maandiko neno kwa neno, kisha kwa kupindua mpangilio wa maneno, ili kosa likijipenyeza ligundulike. UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa urithi wa dunia mwaka 2003. Pili, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita mtaalamu aitwaye Panini alikipangia kanuni za sarufi karibu 4,000. Tatu, na kwetu hili ndilo kubwa, serikali iliamua kukilipia: walimu, vitabu, watangazaji.

Lakini tusiipambe habari hii kupita kiasi. Kwa karne nyingi Kisanskrit kilikuwa mali ya makuhani na wasomi. Watu wa matabaka ya chini walizuiwa kujifunza maandiko yake, na wanawake wengi pia. Mpaka leo wapo Wahindi, hasa kusini kwa Watamil, wanaolalamika kwamba kinapewa fedha nyingi kuliko lugha hai za mamilioni ya watu. Sisi tunaona malalamiko hayo yana uzito.

Turudi ziwani. Sensa zetu hazijauliza kabila tangu 1967, kwa hiyo idadi ya Waha ni ya makadirio. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, na humo wasemaji wa Kiha wanapita milioni moja. Mzungumzaji mmoja wa Kisanskrit kwa Waha arobaini hivi! Aliyetuuliza hakukosea hesabu.

Kinachotuzuia ni kanuni. Vituo vya redio nchini vinatakiwa kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine huhitaji ruhusa ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Shabaha tangu enzi za Mwalimu Nyerere ni umoja wa taifa, na watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa hofu iliyopo. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilichochea mauaji nchini Rwanda kwa Kinyarwanda, lugha ambayo Muha huielewa kwa sehemu kubwa. Kenya iliruhusu redio za lugha za makabila, na baada ya ghasia za 2007 na 2008 mtangazaji wa kituo cha Kikalenjin alishtakiwa katika mahakama ya kimataifa ya The Hague. Kesi yake ilifutwa mwaka 2016.

Ila kuna upande wa pili. Baada ya mauaji yale ya Rwanda, mwaka huohuo wa 1994, BBC ilianzisha Gahuza kwa Kinyarwanda na Kirundi ili kusaidia familia zilizotawanyika. Lugha ileile iliyotumika kuua ilitumika kuwatafuta ndugu. Na mkazi wa Mwamgongo akiifungua Gahuza leo, anaambulia mengi bila kufundishwa. Maana yake, Muha anaweza kusikia habari kwa lugha iliyo jirani na yake kutoka BBC, lakini si kwa lugha yake kutoka mjini Kigoma.

Hili si jambo la fahari tu. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga, kaskazini mwa Mwamgongo, na kipindupindu kikazuka. Siku kama zile, bibi ambaye Kiswahili chake ni cha kuchechemea anapaswa kuelewa mara moja kwamba maji yachemshwe. Tangazo likimfikia kupitia mjukuu, linamfikia nusu, au halimfikii kabisa iwapo mjukuu yuko ziwani.

Kwa maoni yetu, taarifa nzima ya Kiha si jambo la karibuni. Tungependa kuona ruhusa ya matangazo mafupi ya afya na usalama ziwani, yaliyopitiwa kwanza, na hilo kanuni hazilifungii mlango. Kwenye simu hakuna haja ya ruhusa: ngano za wazee, majina ya samaki na ya upepo vinaweza kurekodiwa leo usiku.

Kuandika ni kazi nyingine. Vitabu vya Kiha ni vichache, na hata jina halijatulia: Waswahili husema Kiha, wenyewe wengi husema Giha au Igiha. Msikilizaji wetu alimalizia ujumbe wake kwa salamu ya Kiha kwa mama yake mzazi. Tulitaka kuiweka hapa. Wenzetu wawili, wote Waha, wakaiandika kwa tahajia mbili tofauti, na hakuna kati yao aliyekubali kuwa kakosea.